Saruji Juu ya Tembe

Niseme mapema nisije nikaonekana nimeficha: nilimwonea wivu shemeji yangu kwa miaka kumi na moja, na wivu wenyewe haukuhusu mali wala elimu. Ulianzia kwenye bawaba.

Dada yangu aliolewa na Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mfanyabiashara wa alizeti pale soko la Majengo, Dodoma mjini. Sisi ni Wagogo wa upande wa Mvumi, na mama yangu ni mtu wa kanisa, benchi la pili kutoka mbele. Mwaka wa kwanza hakumtaka mkwe huyo hata kumsikia. Kisha mlango wa nyumba yake ukang'oka bawaba. Mkwe akaja na dada yangu kusalimia, akauona umeegeshwa ukutani, akaomba utolewe uwanjani. Alikaa nao juani kutwa nzima. Ulipofungwa tena, ulijibana kwenye fremu yake bila kelele, na mama akaufungua na kuufunga mara saba kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja dini ya mtu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, maana kila kitu kinategemea hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na maneno yao hayazidi salamu inayotolewa kwa mbali, macho yakiwa chini. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Na hapandi kamwe juu ya paa lake, kwa sababu kusimama juu ya paa la mtu ni kusimama juu ya kichwa chake. Siku hizi wengi wanayachukulia haya kama mambo ya kale, lakini shemeji yangu, ambaye hata si wa kabila letu, aliyashika kuliko sisi wenyewe. Hilo nalo lilinikera.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: kila kilichoharibika kilitolewa nje. Kitanda kilitolewa nje, stuli zikatolewa nje, jembe lililolegea mpini, baiskeli ya marehemu baba, taa ya sola. Yeye aliketi uwanjani na mfuko wake wa vifaa, na vitu vikarudi ndani vikiwa vizima.

Sifa, sasa, hazikuweza kumfikia moja kwa moja. Mama alikuwa na simu ndogo ya tochi aliyojua kuipokea tu, na kwa maoni yake mambo ya nyumba hupitia kwa mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nilikuwa nikitoka Dodoma mjini kwa pikipiki karibu kila Jumamosi kwenda kumwona, na sikuwahi kuondoka bila kubebeshwa.

"Mwambie mkwe wangu mlango unafunga kama wa benki," alikuwa akisema. "Mwambie namwombea. Mwambie mikono ile Mungu asiichoshe."

Nikifika Majengo ninamkuta shemeji katikati ya magunia, ananiinulia uso. "Mama anasemaje, shemeji?"

"Anakusalimia," ninamjibu.

Ndivyo nilivyofanya kwa miaka kumi na moja. Sifa za kujaza gunia zima nilizifikisha zikiwa zimebaki neno moja.

Msidhani sikujaribu kumfikia kwa haki. Mimi ni mtunza kumbukumbu ofisini. Mikono yangu imezoea majalada. Lakini nilinunua spana, nikanunua bisibisi za kila saizi, nikaanza na koki ya jikoni kwangu iliyokuwa ikidondosha. Ilikuwa siku ya mgao, siku ambayo mtaa mzima unajaza mapipa. Nilikaza koki hiyo kwa hasira mpaka bomba likakatika ndani ya ukuta. Maji ya wiki nzima yalipita sebuleni kwangu yakatoka barazani, na majirani wakaja na ndoo zao kuyakinga. Mke wangu alisimama mlangoni na kanga ameipandisha magotini. Alichukua simu akampigia shemeji.

Nikahamia kwenye redio ya mama, ambayo ilikuwa inakoroma. Niliifungua, nikapuliza vumbi, nikaifunga, na mkononi nikabaki na skrubu tatu na kispringi ambacho sijui kilitoka wapi. Mama aliiwasha. Kimya.

"Kabla hujaifungua," alisema taratibu, "ilikuwa inasema kidogo."

Wiki iliyofuata ilitolewa nje.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisubiri sana shemeji atie maji. Hakutia. Mama naye hakuacha kusifu. Ikabidi nitafute mahali ambapo hawezi kufika, na nikapaona mwezi wa kumi, kwenye pembe ya chumba cha mama, alama ya maji ya mvua za mwaka uliopita. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake.

Nyumba ya mama ni tembe, katika chache zilizobaki kijijini. Kuta za miti na udongo, na paa la bapa: magogo, juu yake fito, juu yake majani, juu kabisa udongo uliokandamizwa. Baba aliijenga mwaka walipooana. Wengine wote wamekwisha kuezeka bati, na dada yangu alishamwomba mama mara nyingi ahamie mjini. Mama alikuwa na jibu moja. "Nitatoka humu nikiwa nimebebwa." Ndani mna baridi nzuri mchana wa jua kali, na kila gogo la paa hilo anajua lilikatwa porini upande gani. Hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kuwa na mume. Paa hilo likiharibika, anahama. Nililijua hilo vizuri, nami ndilo nililolichagua.

Kitanda kinatolewa nje. Paa halitoleki.

"Tutaongeza udongo wa kichuguu kama kila mwaka," mama alisema.

"Mama, kila mwaka mpaka lini?" nilimwuliza. "Nitaliwekea saruji. Utasahau habari ya kuvuja."

Aliitazama ile pembe. "Saruji juu ya miti?"

"Watu wanajenga maghorofa kwa saruji."

"Muulize kwanza mkwe wangu," alisema. "Akisema ndiyo, basi."

Nililimeza hilo kama dawa chungu. Paa la baba yangu, kwenye nyumba niliyozaliwa, nikaombe ruhusa kwa mtu ambaye hawezi hata kulipanda. Hata hivyo nilikwenda Majengo, na nilikuwa na nia ya kumwuliza, Mungu ni shahidi. Nilimkuta amezungukwa na watu. Mzani wa jirani ulikuwa umekwama, naye ameufungua wote juu ya gunia tupu, na wachuuzi wamesimama kumtazama kana kwamba anafanya upasuaji. Mzani ukapona. Mmoja akasema, "Huyu angezaliwa Ulaya tungekuwa tunamwona kwenye televisheni." Nilisimama pale na swali langu mdomoni.

"Karibu shemeji. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

Nikapanda pikipiki nikaondoka. Jumamosi nilimwambia mama, "Amesema sawa."

Uso wake ulifunguka. "Basi weka," alisema.

Nilifanya kazi hiyo siku mbili, na nakiri zilikuwa siku tamu kuliko zote za miaka hiyo. Nilitandika kwanza nailoni juu ya udongo wa zamani, ili maji yasipite kabisa. Nikapandisha zege ndoo kwa ndoo kwenye ngazi, nikamwaga, nikasawazisha kwa mwiko, unene wa vidole vitatu, ukuta hadi ukuta. Kutoka juu niliona mizabibu ya jirani na vumbi la barabara ya Mvumi. Pembeni kabisa, kabla halijakauka, niliandika kwa msumari herufi za mwanzo za jina langu. Mama aliniletea ugali wa uwele na mlenda chini ya ngazi, akaniita "baba", jina analoniita akiwa amefurahi sana.

Jumapili iliyofuata dada alikuja na mumewe. Shemeji alisimama uwanjani, mbali na mlango kama kawaida yake, akalitazama paa kwa pembeni.

"Umeweka saruji, shemeji."

"Nimeweka."

"Ina uzito," alisema. "Na magogo hayo ni ya zamani." Akasubiri. Kisha akaongeza, "Ningependa tuliangalie pamoja, kama mama hataona vibaya."

"Mama ameridhika," nilimjibu, na rohoni nikamwambia: leo na wewe umeonja.

Jua la mwezi wa kumi na moja kwetu halina huruma. Wiki ya pili saruji ilipasuka mstari mmoja, wiki ya tatu mistari ilikuwa kama ya kiganja cha mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtoto anajua. Basi nikaziba. Nilichanganya saruji nyingine nikaongeza juu, na palipopasuka tena nikamwaga lami ya moto, ambayo mchana iliyeyuka ikachuruzika ukutani hadi dirishani. Kila nilichoongeza kilikuwa na uzito, na uzito wote ulikuwa unakaa juu ya magogo ya baba.

Kisha mlango ukakataa kufunga. Ule mlango wa benki. Fremu ilikuwa imebanwa kutoka juu, na mtu yeyote mwenye akili angeinua macho akalitazama paa. Mimi niliutazama mlango, na nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kuona kazi yake nayo imegoma. Nikaazima randa nikaukwangua kwa juu mpaka ukafunga. Wiki moja baadaye ukagoma tena, nikaukwangua tena. Mama aliokota maranda ya kuwashia moto. Ndani nikasimamisha nguzo karibu na kitanda chake kulisaidia gogo la kati, nikamwambia ni ya kutundikia kanga.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha asubuhi ya siku ya kazi. Maji yaliingia kwenye nyufa, yakakuta nailoni, hayakuwa na pa kwenda. Yakakaa humo. Mama alikuwa ametoka mbio kwenda kufunika kuni zake jikoni, kibanda kilicho kando ya uwanja, na hiyo ndiyo sababu naweza kuyasimulia haya kwa sauti hii. Alisema alisikia kama lori linamwaga mawe. Alipogeuka chumba chake kilikuwa wazi juu, na zege limelala juu ya kitanda.

Jirani alinipigia ofisini. Nilipofika mvua ilikuwa imekatika. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, blanketi mabegani, kuku wamemzunguka. Nilipiga magoti mbele yake. Nilitaka anitukane, la kuvunda halina ubani, liishe. Alinishika kichwa.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Nenda ukamwambie mkwe wangu simlaumu," alisema. "Atakuwa anaumia. Mwambie hata fundi hukosea."

Nilikwenda Majengo nimelowa. Shemeji alikuwa ameshapata habari. Alikuwa anafunga duka.

"Mama anasemaje?"

Ningeweza kusema. Palikuwa na mahali pa kusema, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Anakusalimia," nilimjibu.

Dada alitaka mama apakiwe siku hiyohiyo aletwe mjini. Mama alikataa, akasema atalala jikoni mpaka kiangazi. Mama yangu, mtu mzima wa umri ule, alale kwenye moshi na kuku. Kesho yake shemeji alifika na lori dogo limebeba magogo mapya. Alisimama uwanjani akaitazama nyumba iliyo wazi, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Alimwomba dada atoe nje nguo na vitu vyote vya mama. Vilipotoka, akavua viatu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kifusi, akashika pande la zege.

"Shemeji," nilimwambia, "si mwiko kwako, paa na chumba cha mama?"

"Paa ni lile lililo juu ya kichwa cha mtu," alijibu bila kuacha kazi. "Hili liko chini. Na chumba kisicho na paa ni uwanja."

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Sehemu moja tu duniani ilikuwa imefungwa kwake, na nilikuwa nimemfungulia kwa mikono yangu. Nililitoa paa nje.

Tulifanya kazi siku tatu. Alikagua magogo ya baba moja baada ya jingine kwa kuyagonga, akayaokoa manne, na kila alilolitupa alinionyesha kwanza. Tulibeba mapande ya saruji tukayapanga nyuma ya zizi. Lile lenye herufi zangu alilibeba yeye. Aliliona, akalilaza kifudifudi. Mlango aliutazama, akapitisha kidole pale nilipokwangua, akauwekea kibao kipya kwa juu. Hakusema kitu, na ukimya wake ulinichoma kuliko kusemwa. Mtu ambaye hata kukucheka hataki, utamshindaje?

Siku ya tatu magogo yalikuwa yamekaa juu ya kuta, fito zimelala, majani yametandikwa, umebaki upenyo mdogo wa kona. Akashuka kwenye ngazi. Akanawa mikono, akavaa viatu, akarudi kusimama uwanjani mahali pake pa zamani.

"Kuanzia hapa ni paa, shemeji," alisema, macho chini. "Panda wewe."

Nikapanda. Udongo wa kichuguu ulikuwa umekwisha kukandwa, naye akawa ananiinulia ndoo kwa ngazi bila kuikanyaga, mimi namwaga na kukandamiza kwa viganja. Chini yangu, ndani, mama aliingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimwona kupitia upenyo wa kona, amesimama pale kitanda kinapokaa, ameinua uso.

"Baba," aliniita. "Mwambie mkwe wangu safari hii amefikiri vizuri. Ile ya saruji alipitiwa tu. Mwambie yamekwisha."

Ukuta wa tembe si mnene kiasi hicho. Shemeji alikuwa upande wa pili, ndoo mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo niliona ameinua macho hadi kwenye paa hilo, ananitazama. Nilimwona akielewa. Ilimchukua kama muda wa kumeza mate. Alijua sasa kwamba mama yake mkwe alikuwa amemhesabia kosa, na limesamehewa, na halikuwa lake. Nilimsubiri aseme. Alikuwa na haki. Yeye akaishusha ndoo, akaijaza udongo, akaniinulia tena.

"Mwambie mama nimepokea," alisema.

Nadhani angelalamika ningenyamaza mpaka leo. Lakini kunishinda hata hapo, kunishinda kwa kulibeba kosa langu kama ndoo nyingine tu, hilo sikuliweza. Hasira ndiyo iliyosema, si wema.

"Sikumuuliza!" nilisema, kwa sauti ya kusikika ndani na nje. "Mama, sikumuuliza chochote. Saruji ilikuwa yangu. Hata zile salamu zako, sikuwa nazifikisha."

Kisha nikasikia nyayo za mama zikitoka chumbani, mlango ukafunguka na kufungwa nyuma yake bila kelele. Akasimama uwanjani, hatua nyingi kutoka kwa mkwe wake, uso ameuelekeza zizini kama inavyopasa.

"Mkwe wangu," alisema.

"Naam, mama."

"Mlango ulifunga kama wa benki."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Aliitua ndoo chini. "Ahsante, mama."

Sentensi moja tu, ya miaka kumi na moja, na haikupitia kwangu. Nilikuwa juu yao wote wawili, udongo umenipanda hadi kwenye viwiko, bado namwonea wivu, na sasa hata kazi ya kubeba maneno nilikuwa nimeipoteza.

Mama akageuka akainua uso kwangu.

"Na wewe ziba hiyo kona," alisema. "Ni juu ya kitanda changu."